Mwaloni wa Jaji Denning na kesi ya Karama

Mwaka 2017 mama yangu alishinda kesi kwa lugha asiyoijua. Ilikuwa kesi ya shamba la kahawa, ekari mbili na kidogo, huku kwetu Kigonsera. Baba mdogo aliuza kipande chake wakati baba yuko kitandani anaumwa, mnunuzi akaja na karatasi zake, baba akafariki, mambo yakaenda mpaka rufaa. Hukumu ilipotoka ilikuwa kurasa tisa za Kiingereza. Mimi ndiye mtoto aliyefika chuo kikuu, tena mwandishi wa habari, kwa hiyo nilipanda basi Dar mpaka Songea, nikadandia gari la Mbinga, nikashuka njiani na begi moja. Kazi yangu ilikuwa kumsomea mama ushindi wake.

Tulikaa barazani. Nilisoma sentensi moja ya Kiingereza, naitoa kwa Kiswahili, halafu nasubiri. Tulipofika ukurasa wa saba jaji akaweka Kilatini: nemo dat quod non habet.

"Hiyo ndiyo nini?" mama akauliza.

"Mtu hawezi kutoa kitu ambacho si chake. Baba mdogo hakuwa na shamba la kuuza, kwa hiyo aliyenunua hakununua kitu."

"Wamelitoa wapi hilo?"

"Kwa Waingereza, mama. Nao walilitoa kwa Warumi."

Akacheka. "Mbona bibi yako alikuwa anasema hivyohivyo, na Roma hajafika." Halafu akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya: "Na mimi nimeandikwa ukurasa wa ngapi?"

Nikatafuta. Alikuwepo kama mjibu rufaa wa kwanza, na mahali pamoja kama mjane wa marehemu. Miaka 26 ya kulima, kupogolea na kuchuma kahawa ile haikuwemo. Tulishinda kwa sababu ya Kilatini.

Najua hapa ni ukumbi wa fasihi, watu wanasubiri riwaya na ushairi. Lakini naomba leo tusome aya moja ya hukumu kama tunavyosoma fasihi, kwa sababu iliandikwa na mtu aliyejiona mwandishi. Kisha nitaiweka kando ya riwaya ambayo wengi wetu tuliisoma kwa sababu ya mtihani, ili tuone nani kati ya hao wawili aliielewa zaidi safari ya sheria kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Aya yenyewe ni ya Jaji Denning, kwenye kesi ya Nyali Limited iliyosikilizwa London mwaka 1955 katika Mahakama ya Rufani. Jambo lenyewe ni la Mombasa. Kampuni ya Nyali ilikuwa na daraja la kuelea lililounganisha kisiwa na bara, na kila apitaye alilipa ushuru. Swali: magari ya jeshi nayo yalipe? Ili kulijibu ikabidi kwanza kuuliza ni sheria gani inatawala ukanda ule, ambao kwa karatasi ulikuwa bado wa Sultani wa Zanzibar na Waingereza ni walinzi tu. Amri iliyoileta sheria ya Uingereza Kenya iliweka tarehe, 12 Agosti 1897, ikaongeza kwamba sheria hiyo itumike kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu, na kwa marekebisho ambayo mazingira ya pale yatalazimu.

Denning alilishika neno hilo la mazingira akapanda mti. Alisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba sheria ya Kiingereza ni kama mwaloni wa Kiingereza: ukiuhamishia Afrika usitegemee utabaki na ugumu ulionao kwao. Utastawi, ila unahitaji kutunzwa kwa uangalifu. Akasema sheria hiyo ina kanuni nyingi za haki zinazofaa watu wote, lakini ina pia vijitanzi na ufundi ambao haufai kwa watu wengine. Vijitanzi hivyo vikatwe. Watu wa nchi za mbali lazima wawe na sheria wanayoielewa na watakayoiheshimu. Na kazi ya kukata matawi hayo wanaachiwa majaji wa nchi hizo.

Mwanasheria yeyote aliyesoma Dar, Nairobi au Kampala anaijua aya hii. Inanukuliwa kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza kama sala. Na siyo siri, ni aya nzuri. Denning alikuwa na mkono. Sentensi fupi, picha inayoonekana, hakuna majivuno ya wazi. Huyu ndiye jaji ambaye mwaka 1970, kwenye kesi ya ajali ya gari, alifungua hukumu kwa maua yaliyokuwa yamechanua Kent siku ile. Alijua msomaji anakamatwa wapi.

Ila picha nzuri inaweza kuficha. Kwanza mti wenyewe. Sisi mwaloni tunaujua kutoka Biblia tu, ile mialoni ya Mamre ambapo Abrahamu aliketi mlangoni pa hema. Sijawahi kuuona. Mama hajawahi kuuona. Nilipomweleza picha ya jaji, alikwenda moja kwa moja kwenye miti ya kigeni anayoijua: kahawa na mikaratusi. Kahawa, alisema, ililetwa lakini inakaa na watu. Unaipanda, unaipogolea, mtoto wako anaikuta. Mkaratusi nao uliletwa, unakua haraka, mbao unapata, ila upande karibu na kisima uone. Swali lake juu ya mti mgeni halikuwa kama utastawi. Lilikuwa: utakunywa maji ya nani?

Swali hilo Denning hakuliuliza. Katika aya yake udongo hauna kitu. Mwaloni unafika, unatunzwa, unakatwa matawi, na pale unapopandwa hapakuwa na mti mwingine. Wakati Mombasa ile anayoiandikia ilikuwa na makadhi karne na karne kabla ya daraja, na vijiji vya nyuma yake vilikuwa na mabaraza ya wazee yanayojua nani alime wapi.

Angalia pia nani anafanya nini kwenye sentensi zake, kazi ambayo mwalimu wangu wa fasihi alituchosha nayo kidato cha tano. Sheria inahamishwa. Majaji wanatunza. Watu wa nchi za mbali wamepewa vitenzi viwili tu: kuelewa na kuheshimu. Hawatungi, hawaongezi, hawakatai. Hata mkulima wa mwaloni huo si wao.

Watunzaji wenyewe walivyotunza kabla ya Denning, tunajua. Kule Kenya mwaka 1917, kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton alikutana na mwanamke aliyeitwa kutoa ushahidi dhidi ya mume wake. Sheria ya Kiingereza ilimlinda mke asilazimishwe. Hamilton akasema huyu hakuwa mke kwa maana ya sheria, kwa kuwa ndoa ya kimila ni kama kumnunua mwanamke. Hapo tawi lililokatwa ni lile ambalo lingempa kivuli mwanamke wa Kiafrika. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth naye akahukumu kwamba Wakikuyu ni wapangaji tu juu ya ardhi ya Mfalme, wapangaji wanaokaa kwa hisani. Huo ndio ufundi wa Kiingereza ambao Denning alisema haufai kwa watu wengine. Pale ulifaa kweli.

Huku Tanganyika mambo yalikuwa tofauti kidogo. Kwa nadharia ya wanasheria wa zamani wa Kiingereza, kina Blackstone, Mwingereza akihamia nchi aliyoiona tupu anabeba sheria yake kama anavyobeba nguo zake. Akiiteka nchi yenye watu, sheria za pale zinaendelea mpaka mtawala azibadilishe. Tanganyika haikuwa tupu wala haikutekwa kwa ajili ya walowezi. Ilikuwa dhamana ya Ligi ya Mataifa, imetoka mikononi mwa Mjerumani. Kwa hiyo sheria ilikuja kwa amri, na amri ina tarehe: 22 Julai 1920. Tarehe hiyo bado iko hai. Ukifungua leo sheria yetu inayoelekeza mahakama zitumie sheria zipi, Sura ya 358, utaikuta imeandikwa: sheria zisizoandikwa za Uingereza, kanuni zao za usawa, na sheria za jumla za bunge lao zilizokuwa zikitumika kule siku hiyo, kadiri mazingira ya hapa yanavyoruhusu. Maneno yaleyale ya Mombasa. Sheria ya mikataba ilipitia India kwanza; tulitumia ya Wahindi ya 1872 mpaka tulipotunga yetu mwaka 1961, na yetu ukiisoma unamwona Mhindi, na nyuma ya Mhindi Mwingereza.

Kigonsera, nyongeza tu, mzungu wa kwanza kuleta maneno hapa hakuwa Mwingereza. Walikuwa mapadre Wabenediktini kutoka Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Waliacha kanisa na seminari ambayo Benjamin Mkapa alipita kabla ya kwenda Pugu. Wajerumani walituachia "shule" na "hela". Mwingereza kwenye mambo ya mahakama alituachia "kesi", "korti", "jaji" na "faini". Basi. Sheria, haki, hukumu, hakimu, wakili, shahidi, dhamana, rufaa, hata katiba, yote ni maneno yaliyokuja na Waarabu. Yaani mfumo ni wa Kiingereza, msamiati ni wa Kiarabu, na kosa ni la baba mdogo.

Na ule mfumo wenyewe, ile wanayoiita komon loo, haujapata jina la Kiswahili linalokubalika. Nimeona "sheria ya mazoea". Nimeona "sheria zisizoandikwa", kama nilivyoandika juu, ingawa imeandikwa kwenye maelfu ya vitabu vya hukumu. Mawakili wengi wanasema kwa Kiingereza na kuendelea. Kwa maoni yangu tafsiri iliyo karibu na ukweli ni "mila za Waingereza". Asili yake ndiyo hiyo: desturi zilizokusanywa na majaji wa mfalme, zikatungiwa hukumu moja juu ya nyingine mpaka zikawa sheria ya nchi nzima.

Jaribu kuweka jina hilo kwenye kesi ya Gwao bin Kilimo, Tanganyika, 1938, uone kinachotokea. Mtu alikuwa amemshinda kijana mahakamani, akataka alipwe kwa ng'ombe wa baba yake kijana. Mila ya Wanyaturu, ilielezwa, inamfanya baba awajibike. Sheria iliruhusu mila itumike isipokuwa ile inayochukiza haki na maadili. Maadili ya nani? Jaji Wilson akajibu waziwazi kwamba mahakama ya Kiingereza Afrika haina kipimo kingine ila maadili ya Kiingereza, na akakataa. Kwa Kiingereza inasikika kama sheria inaipima mila. Iseme kwa Kiswahili changu: mila za Waingereza zimeipima mila ya Wanyaturu kwa kutumia mila za Waingereza. Ghafla siyo hukumu tena, ni mgeni aliyekuja na mzani wake sokoni.

Nikiri lakini, na hapa ndipo nagombana na rafiki zangu wanaopenda kulaani kila kitu cha mkoloni: uamuzi wa Wilson sioni kama ulikuwa mbaya. Mzee kutopoteza ng'ombe kwa deni la mwanawe mtu mzima, mimi naona sawa. Kama ambavyo Kilatini cha ukurasa wa saba kilimrudishia mama shamba. Unaweza kupata haki yako na bado usiwemo kwenye sababu.

Na mila zetu nazo zisisifiwe bure. Mwaka 1990 mwanamke wa Kihaya alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza, ndugu wa kiume akaenda mahakamani kwamba mwanamke wa Kihaya hana uwezo wa kuuza. Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi inayojulikana kama Ephrahim na Pastory, alikataa. Lakini hakuuliza maadili ya Uingereza yanasemaje. Alishika Katiba yetu, sura ya haki iliyoingizwa mwaka 1984, na mikataba ambayo nchi ilisaini. Isome ile hukumu. Haina ufundi wa Denning, ina hasira kidogo, na mwanamke anaonekana ndani yake. Naipenda zaidi.

Sasa Shaaban Robert. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, miaka minne kabla ya mwaloni. Tulifundishwa kuisoma kama fumbo la ukoloni: nchi iliyo angani, mfalme, waziri Majivuno, na Karama anayeshtakiwa. Mitihani iliuliza "dhamira" na "taswira", tukajibu, tukasahau. Kilichonishtua niliporudia kuisoma mwaka jana ni shtaka lenyewe. Karama hakuiba wala kuua. Ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya uanasheria katika nchi ambayo haina. Riwaya nzima ni utetezi wa mtu anayetaka watu wajue sheria.

Iliandikwa na karani wa serikali ya kikoloni, katika nchi ambayo mwaka ule hapakuwa na mahali hata pamoja pa kusomea sheria, na mawakili Waafrika ungewahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Sheria ya 22 Julai ilikuwa imefika miaka 31 kabla. Ilikuwa juu ya watu, na watu hawakuruhusiwa kuisoma.

Karama anajitetea kwa hadithi. Anasimulia wajumbe sita ambao Kusadikika iliwahi kuwatuma pande zote, wengine mpaka mbinguni na ardhini, wakaone wengine wanaishije. Kila mmoja anataabika, anarudi na mambo mema aliyojifunza, na kila mmoja anaishia gerezani. Wakosoaji husema huu ni ukatili wa watawala, na ni kweli. Lakini mimi naona na jambo lingine. Shaaban Robert hakuwa mtu wa kuogopa cha kigeni. Wema wa nchi nyingine unaweza kuja Kusadikika, tena unapaswa kuja. Ila anayekwenda kuuchukua ni Mkusadikika, anatumwa na wenzake, anatembea kwa miguu yake, anachagua, na akirudi anasimama barazani kueleza kwa nini.

Denning anasema mti umeletwa, sasa tuutunze. Shaaban Robert anasema mtume mtu akaangalie miti. Hapo ndipo naona karani wa Tanga alimzidi jaji wa London, na alimzidi bila kumjua.

Riwaya ina udhaifu, tusidanganyane. Wahusika wake ni majina ya sifa yanayotembea. Hotuba ni ndefu. Kuna kurasa nilizipita upesi kama nilivyozipita nikiwa kidato cha tatu. Na mwisho wake naona ni rahisi mno: mfalme anasikiliza, anaelewa, anawaachia huru Karama na wajumbe. Mfalme mwema ndiye anayefungua gereza, kama vile majaji wema wa Denning ndio wanaokata matawi. Watu wa Kusadikika nao, kwenye mwisho huo, wanapokea tu. Nilitamani angalau mmoja wao angeuliza kitu.

Historia iliongeza kitu ambacho mwandishi wa riwaya angeona aibu kukitunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuangalia elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika. Mwenyekiti, Denning huyohuyo. Kamati ikashauri wasomeshwe kwao, na Oktoba 1961 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza, kitivo cha kwanza kikiwa cha sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Shaaban Robert alifariki mwaka uliofuata. Sijui kuwaza vipi juu ya hili. Mtu wa mwaloni ndiye aliyesaidia kumpa Karama darasa. Masomo, bila shaka, yalikuwa kwa Kiingereza.

Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha: Kiswahili sasa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa sababu maalumu. Nilifurahi. Ila kutafsiri siyo kuchukua neno na kuweka neno. Nani atatafsiri miaka mia ya hukumu, na ataita nini ile mila iliyotufikia bila jina? Akiandika "sheria ya mazoea", mazoea ya nani? Kazi hii wanasheria wameachiwa peke yao, na waandishi wa Kiswahili tumekaa pembeni kama haituhusu, wakati riwaya yetu moja ya mwanzo kabisa ilikuwa kesi mahakamani.

Ile siku barazani mama aliniambia nimwandikie Kiswahili chake nyuma ya hukumu, ili baba mdogo akija na maneno, asome mwenyewe. Nikaandika kwa kalamu, kurasa tisa nyuma na mbele. Mwishoni nikaongeza, bila ruhusa ya jaji, kwamba mjibu rufaa wa kwanza amelima shamba hilo miaka 26. Pale hukumu iliposema uamuzi unafuata komon loo, nilikosa neno, nikaacha mstari wazi nikasema nitaujaza nikirudi.

Wiki iliyopita nilimpigia simu kumuuliza kama karatasi bado ipo. Ipo, alisema, kwenye sanduku la bati, ila panya wamekula pembe moja. Mstari wangu haujaguswa. Baba mdogo alishaisoma, hakusema kitu, aliomba kikombe cha maji.